Kilatini: jaribu kusoma makaburi ya Warumi
Kama unasoma Kilatini sekondari na majedwali ya sarufi yameanza kukuchosha, chukua maandishi ya kwenye makaburi ya Warumi. Ni mafupi, na maneno yake yanajirudia. Juu kabisa mara nyingi utakuta D M, yaani Dis Manibus, kwa roho za marehemu. VIX AN na namba ni miaka aliyoishi. H S E ni hic situs est, amelazwa hapa.

Angalia sana herufi zinazofuata jina. M F ni mwana wa Marcus, mtu aliyezaliwa huru. M L ni mtumwa aliyeachwa huru na Marcus, na hadhi hiyo ilichongwa hadi kaburini! Hapo ndipo unapoielewa jamii ya Kirumi kuliko kwa kukariri majina ya wafalme.

Ukikuta CONIVGI (V ndiyo U yao), ile -i ya mwisho inakuambia jiwe limewekwa kwa ajili ya mume au mke. Tovuti ya Roman Inscriptions of Britain ina mengi, bure. Nakili moja kwa mkono, jaza vifupisho, ndipo utafsiri.