Ukikuta chumba cha giza makumbusho, usitoke haraka

Jamani wale mnaopenda kwenda makumbusho kuona sanaa za kisasa, ukikuta chumba kina giza totoro usichungulie sekunde 10 ukatoka unasema hamna kitu, macho yanataka dakika kama 20 hadi 30 ndo yazoee giza sawasawa. Kuna kazi ya James Turrell, msanii wa mwanga, inaitwa Pleiades, ya 1983, iko makumbusho ya Mattress Factory kule Pittsburgh, Marekani, unakaa gizani huoni chochote, baada ya dakika kama 15 ndo unaanza kuona kamwanga hafifu na huna hakika kama kako kweli au macho yanakuchezea tu. Simu zima kabisa, ukiwasha skrini mara moja unaanza upya (na wenzako umewaharibia pia). Halafu usikodolee katikati, tupia jicho pembeni kidogo, gizani pembeni ya jicho ndo panaona vizuri.

Zile kazi za vivuli, kama za wasanii Tim Noble na Sue Webster waliokuwa wanarundika takataka na kuzimulika kwa taa halafu ukutani kinatokea kivuli cha watu wawili, mi huanza na kivuli ndo nageukia rundo, kisha natafuta taa imefichwa wapi.