Zamu ya usiku kiwandani: namna ya kulinda akili ya ekipe yako

Wewe unayeongoza ekipe kwenye kiwanda cha Lubumbashi, kabla ya kumwandikia mtu barua ya onyo, soma kwanza ratiba yake. Makosa yanayoongezeka, ugomvi usio na sababu, kichwa kuuma kila siku, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ya kutafutia usingizi: mara nyingi hayo yanaanzia kwenye kazi yenyewe. Lutuku inamlaza haraka, kisha inamwamsha katikati ya usingizi, na anarudi kazini amechoka kuliko jana.

Panga zamu zifuatane asubuhi, mchana, usiku, kwa kuwa mwili unaweza kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Usiku usizidi mitatu mfululizo, na kati ya zamu na zamu yapite angalau masaa 11. Usingizi unabana zaidi kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kusafisha mashine au kubadilisha mkanda kumalizike kabla ya saa saba usiku. Kahawa ya mwisho inywewe masaa sita kabla ya kulala. Chini ya bati nyumba inawaka moto mchana. Mtu alale mara tu anapofika, dirisha likiwa na kitambaa cheusi, na watu wa nyumbani wajue saa zake.

Umeme ukikatika, usiwadai tani zilizopotea. Hapo ndipo tunapoona watu wakivunjika: masaa matatu wamekaa gizani, halafu wanakimbizwa mpaka asubuhi, na mwenye haraka haoni mkono wake uko wapi. Andika upya lengo la zamu, mbele yao.

Kuongea na mtu, mtoe pembeni, mbali na kelele na masikio ya wenzake. Aliyekuzidi umri mwite papa au yaya. Uliza: “Ukitoka hapa unalala masaa mangapi? Kwenye kazi hii nini kinakuumiza zaidi?” Kisha nyamaza. Usiandike chochote mbele yake, la sivyo hatasema tena.

Huzuni, kukosa usingizi au hamu ya chakula vikipita wiki mbili, mpeleke kwa muuguzi wa kiwanda. Akitaja kufa, mtoe kwenye mashine, asibaki peke yake hata chooni, ita familia, na siku hiyohiyo afikishwe hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain. Akirudi kazini, aanze na zamu ya asubuhi, na usiku asipangiwe mpaka anayemtibu akubali.