Somo: Kupanda Ol Doinyo Lengai usiku na kushuka kabla jua halijakukamata

Wakuu, kila nikigusia huu mlima naulizwa yale yale, basi leo naweka somo zima.

Kwanza ujue unachokwenda kupanda. Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, "Mlima wa Mungu" kwa Wamasai, unatema magadi. Sitanii. Ni volkano pekee duniani leo inayojulikana kutoa lava yenye sodiamu kabonati kwa wingi, yaani ndugu wa magadi unayotia kwenye mlenda. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na ikitoka ni nyeusi, inatiririka kama oili chafu. Ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ule weupe wa kileleni wageni huuita theluji. Theluji gani, ni magadi hayo!

Hatua ya 1: Chagua mwezi. Juni hadi Oktoba ndiyo salama yako. Masika makorongo yanajaa, gari linakwama, na majivu ya mlimani yanateleza kama sabuni.

Hatua ya 2: Kufika. Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu ni lami. Kutoka hapo ni vumbi kupitia Engaruka (penye magofu ya mashamba ya kale ya umwagiliaji, simama hata nusu saa) hadi kijiji cha Engare Sero. Waliokwenda kunywa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo mwaka 2011 wengi wanaikumbuka njia hii. Jaza mafuta Mto wa Mbu, beba spea mbili. Njiani kuna mageti ya ushuru. Lipa na udai risiti.

Hatua ya 3: Siku ya kufika usijichoshe. Tembea hadi maporomoko ya Engare Sero, oga, rudi ulale. Bila kulala mchana, usiku utasinzia ukitembea.

Hatua ya 4: Vifaa. Maji lita 4 kwa mtu, maana mlima mzima hauna hata tone. Taa ya kichwani na betri za akiba. Viatu vya buti vilivyokwisha kuzoea mguu. Fimbo. Glavu, hata zile za ujenzi za dukani, kwa sababu huko juu utashika mwamba kwa mikono na mwamba wenyewe unakwaruza kama kikwangulio cha nazi. Sweta pia: bondeni unaoga jasho, kileleni, karibu mita 2,900, upepo unakata.

Hatua ya 5: Kupanda. Tafuta mwongozaji Mmasai wa pale pale kijijini. Mnaanza kutembea saa 6 usiku hivi, mfike juu kunapokucha. Mwanzo ni nyasi na majivu laini; ukipiga hatua mbili, moja inarudi. Kisha mlima unasimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, wala hakuna kibanda cha kupumzikia. Yule aliyenipandisha mimi, kila nikikaa alikuwa ananiambia, "Mzee, simama, mwili utapoa." Nilimchukia kwa saa tatu. Alikuwa sahihi.

Juu utaona kreta ya kaskazini, ndiyo iliyo hai. Zamani watu walishuka wakatembea sakafuni mwake. Mlipuko wa Septemba 2007, uliotanguliwa na matetemeko ya Julai yaliyosikika hadi Nairobi, uliibadilisha kabisa: sasa ni shimo refu lenye kuta wima. Usisogelee ukingo kwa ajili ya picha, chini yake huenda pana uwazi.

Hatua ya 6: Kushuka. Hapa ndipo watu wanapoumia. Safari yangu ya kwanza nilibeba lita 2 tu, nikakaa juu napiga picha hadi saa 3 asubuhi. Nusu ya njia maji yameisha, jua limewaka, majivu yanarudisha joto usoni kama jiko la mkaa, magoti yanacheza. Mwongozaji akanigawia chupa yake ya mwisho bila neno. Kwa hiyo saa 1 asubuhi uwe umeshageuka. Shuka ukikanyaga kisigino kwanza, fimbo mbele, na usimfuate mtu kwa karibu, mawe yanaporomoka.

Hatua ya 7: Jioni nenda Ziwa Natron kuona heroe (flamingo), na zile nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizoganda kwenye majivu ya volkano.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina Noah. Itafika?
Jibu: Kiangazi inaweza kufika Engaruka kwa kubembeleza. Mbele ya hapo kuna mawe na mchanga, utaibeba wewe. Changeni watu wanne mkodi Landkruza.

Swali: Kaka, mwanangu ana miaka 10 na ana nguvu. Nimpandishe?
Jibu: Hapana dada. Mpeleke maporomoko na ziwani, atafurahi kuliko wewe.

Swali: Ni kweli ndege wakigusa maji ya Natron wanageuka jiwe?
Jibu: Zile picha za ndege waliokauka kama jiwe zilidanganya wengi. Ndege walikuwa wamekufa, chumvi ya magadi ikawakausha, mpiga picha akawaokota na kuwapanga matawini. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana hapo hapo, kwa kuwa fisi hawezi kuvuka tope lile la magadi. Wewe usioge tu, hasa ukiwa na kidonda.

Swali: Hao waongozaji wanaongea Kiswahili?
Jibu: Vizuri kabisa. Ila ukifika anza na "Sopa", salamu ya Kimasai, utaona sura zinavyofunguka.