Kabla hujanunua hita, pima ubaridi wa maji yako

Hapa Njombe mwezi wa saba mtoto akikataa kuoga maji ya bomba simlaumu. Mimi ni fundi bomba, na kosa ninalolikuta nyumba hadi nyumba ni moja: mtu anasoma kilowati kwenye boksi, hajui maji yake yana baridi kiasi gani.

Anza hivyo. Kinga maji alfajiri, weka kipimajoto. Kwangu yalisoma nyuzi 12. Ya kuoga yanataka kama nyuzi 40, kwa hiyo ndoo ya lita 20 itakula uniti 0.65. Dar es Salaam, maji yakiwa nyuzi 27, ndoo hiyohiyo inakula 0.3. Hakuna hita inayokwepa hesabu hii, iwe ya bei gani. Tofauti kati ya hita na hita ni joto linalopotea bure.

Hita ya papo kwa papo haipotezi sana, kwa sababu inachemsha yale unayooga tu. Lakini ya kilowati 5.5 itakupa lita 6 kwa dakika Dar, na huku kwetu hazifiki 3. Mama mmoja aliniita: "Fundi, hii hita mbovu, maji yanachuruzika." Hita ilikuwa nzima, maji ndiyo yalikuwa ya barafu. Ukiichagua, ivutiwe waya wake peke yake wa milimita mraba 6, brekari ya ampea 32 na waya wa erthi. Hapo usikubali kupunguziwa gharama, maana ni umeme na maji pamoja.

Ukichagua hita ya tangi, tangi linapoza maji usiku kucha huku umelala, kisha linayachemsha tena. Lita 50 kutoka nyuzi 12 hadi 60 ni uniti 2.8 kila mara. Chukua dogo lenye sponji nene, weka taima iwashe saa kumi alfajiri. Usishushe chini ya nyuzi 60, maji ya uvuguvugu yanazalisha bakteria.

Na angalia LUKU yako, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kama uko kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hita inaweza kukutoa humo, na kila uniti ikapanda karibu mara tatu. Wengi hushtuka hapo.

Mwenye paa lake mwenyewe namshauri hita ya sola ya mirija ya vioo. Mirija ina ombwe ndani, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, kwa hiyo baridi yetu haiibi joto kirahisi. Itazame kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta, na isilazwe bapa. Siku za ukungu utahitaji koili ya umeme ndani ya tangi, yenye swichi yake. Bomba la maji moto livishwe sponji hadi bafuni, na liwe fupi.

Dukani uliza kama tangi lina fimbo ya magnesi ya kuzuia kutu, na kama fimbo ya kubadilishia inapatikana hapo hapo mjini.