Kuchagua transfoma na kupanga graundi kwenye pawasaplai ya flaibeki

Flaibeki ni pawasaplai inayokata umeme wa ukutani haraka haraka na kuupitisha kwenye transfoma. Transfoma yake kwanza ni ghala la nishati. Mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi) ikiwaka, koili ya kwanza hujaza kiini nishati. Ikizima, nishati hiyo hutoka kwenye koili ya pili. Hesabu ianzie kwenye mkondo wa kilele. Mfano: umeme wa ukutani wa V 85 hadi 265, matokeo V 12 kwa A 2, masafa kHz 65.

1. Uwiano wa mizunguko. Chagua V 100 zinazorudi koili ya kwanza mosfeti ikizima. Gawa kwa 12.7 (12 za matokeo, 0.7 za daiodi): karibu 8 kwa 1. Umeme ukifika V 265, kapasita kuu (inayohifadhi umeme baada ya daiodi za briji) hubeba V 375. Ongeza hizo 100, kisha mruko wa volti wa kama V 100 unaoletwa na uvujaji (sumaku isiyofika koili ya pili). Mosfeti ya V 600 inakaa ukingoni. Weka ya V 700.

2. Mkondo. W 24 kwa ufanisi wa 80% zinahitaji W 30. Umeme ukiwa chini, kapasita hushuka hadi V 100 na mosfeti huwaka nusu ya muda: wastani A 0.3, kilele A 1.2, induktansi ya koili ya kwanza µH 640.

3. Kiini. Feraiti ya EE25 (eneo mm² 52), mizunguko 64 kwa 8, hufika sumaku ya T 0.23 (tesla). Feraiti iliyopata joto huanza kushiba (kushindwa kubeba sumaku zaidi) karibu na T 0.3, kwa hiyo usipunguze mizunguko eti waya upate nafasi. Pengo la hewa ni mm 0.4 kwenye mguu wa kati. Ukiweka karatasi kwenye miguu yote, iwe ya mm 0.2, kwa sababu sumaku huvuka pengo mara mbili. Kiini kisicho na pengo hushiba mara moja, na mosfeti hupasuka.

4. Kusuka. Nusu ya koili ya kwanza, koili ya pili, kisha nusu iliyobaki. Koili ya pili isukwe kwa waya wenye insulesheni ya tabaka tatu. Unganisha ncha zake mbili pamoja, upime koili ya kwanza: uvujaji usizidi µH 19, ama sivyo rezista ya klampu (saketi inayomeza mruko ule wa volti) itaungua. Hakikisha pia mwelekeo wa ncha. Ukiugeuza, daiodi hupitisha mosfeti ikiwa imewaka, na mkondo hupanda bila kizuizi.

5. Graundi. Hapa ndipo saketi nyingi nzuri huharibika. Graundi ya kwanza (upande wa umeme wa ukutani) na ya pili (upande wa matokeo) zisigusane kamwe. Kwenye bodi ziachane angalau mm 6.4. Upande wa kwanza, kitovu ni mguu hasi wa kapasita kuu. Rezista ya kupimia mkondo wa mosfeti, koili saidizi (inayolisha IC) na kapasita ya Y (ya usalama, inayounga graundi mbili) kila moja irudi hapo kwa njia yake. Graundi ya IC inayoendesha mosfeti iungwe kwenye mguu wa graundi wa rezista ya kupimia, kwa njia isiyopita mkondo mkubwa. Vinginevyo IC husoma kelele na kuzima mapema. Upande wa pili, TL431 (IC inayolinganisha volti ya matokeo) ichukue graundi kwenye kapasita ya matokeo, si kwenye mguu wa transfoma.

Kapasita ya Y1 ya nF 2.2 kati ya graundi hizo mbili hupunguza kelele. Kwa V 250, Hz 50, hupitisha mA 0.17. Ukiweka mbili sambamba ni mA 0.35, na mtu anayeshika kifaa kisicho na ethi atahisi msisimko.

6. Kupima. Klipu ya oskiloskopu yenye ethi usiiweke kwenye graundi ya kwanza: ni shoti kupitia daiodi za briji. Tumia transfoma ya kutenganisha au probu ya tofauti (inayopima kati ya nukta mbili bila klipu ya graundi). Kabla ya kugusa bodi, toa chaji kapasita kuu kwa rezista, kisha thibitisha kwa mita.