Kabla hujalipia ziara ya praiveti ya siku nzima Kyoto, uliza kwanza kuhusu gari

Tangu nimpeleke mama Japani watu wananiuliza kitu kimoja tu, eti Kyoto twende hekalu gani. Mahekalu yote mazuri, hapo huwezi kukosea, mji ulikuwa makao makuu ya nchi kwa zaidi ya miaka elfu moja kuanzia mwaka 794 kwa hiyo kila ukigeuka kuna kitu. Watu wanakosea kabla hata hawajapanda ndege, pale wanapolipia ziara ya praiveti ya siku nzima kwenye simu, wanaona picha, wanaona bei, wanabonyeza. Sisi tulibonyeza. Soma hii kwanza ndo ubonyeze.

Vyepesi nivimalize haraka. Pasipoti tembea nayo mwilini, sheria ya Japani inamtaka mgeni awe nayo, kopi haitoshi na picha kwenye simu haitoshi. Viatu vaa vya kuvua haraka maana kuna sehemu nyingi unaingia bila viatu, na soksi ziwe nzima. Beba mfuko mdogo wa taka kwa sababu mapipa barabarani ni ya kutafuta kwa tochi, chupa yako ya maji utarudi nayo hotelini. Begi kubwa liache hotelini, usitegemee yale makabati ya kulipia ya kuhifadhi mizigo ya Kyoto Station, yanajaa asubuhi mapema. Bahshishi usitoe, hawana desturi hiyo na utamtia mtu aibu bure. Kadi ya ICOCA ikishawekwa hela inalipia treni na basi, kila mtu awe na yake.

Masaa. Sisi tunahesabu kivyetu, wao kwa saa 24, na ukiwa umechoka na ndege unaweza kusoma 9:00 ukaelewa saa tisa. Hapana, hiyo ni saa tatu asubuhi. Andika mwenyewe kwenye karatasi kwa Kiswahili ili kila mtu nyumbani aelewe: Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu, inafunguliwa saa tatu asubuhi inafungwa saa kumi na moja jioni, ngome ya Nijo ukifika baada ya saa kumi jioni hawakuingizi tena, hekalu la Kiyomizu-dera linafungua mapema sana saa kumi na mbili asubuhi, na Fushimi Inari, ile sehemu ya ibada yenye malango mekundu mlimani, haifungwi, hata usiku wa manane unaingia na hulipi. Ukishayajua hayo manne tu unaweza kuangalia ratiba ya kampuni yoyote ukajua kama wametulia au wanakudanganya.

Sasa gari. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Tulikuwa watatu, mimi, mdogo wangu wa kike na mama, mama ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua tangu siku nyingi, Dar anatembea vizuri tu ila ngazi ndo adui yake. Nikaona tangazo, ziara praiveti, masaa nane, muongozaji wenu peke yenu, anawafuata hotelini, yeni 42,000 kwa kundi zima sio kwa kichwa. Nikasema hii ndo ya mama, atakaa kwenye gari anapelekwa mlango hadi mlango. Neno gari sikuliona mahali popote kwenye lile tangazo, lakini wala sikulitafuta, maana kwetu ukisema praiveti mtu anaelewa gari. Ukienda Mikumi na kampuni ya watalii ukaambiwa praiveti unajua kuna Land Cruiser nje inakusubiri.

Saa mbili asubuhi tukashuka mapokezi. Kuna dada amesimama pembeni ya lifti ameshika karatasi yenye jina letu, amevaa raba, ana mkoba mdogo mgongoni na mwavuli umefungwa pembeni. Anatabasamu, anainama, anamuamkia mama kwa heshima kabisa. Mama akaniuliza, gari liko wapi? Nikamuuliza yule dada, gari liko wapi? Akatoa ramani ya treni akaifungua.

Hakuwa na kosa lolote, na kazi yake alikuwa anaijua sana. Alichouza ni maneno yake na muda wake, na kwenye vigezo chini kabisa, niliporudi usiku kusoma, imeandikwa wazi kwamba ni ziara ya kutembea na usafiri wa umma, nauli mnajilipia, na nauli na viingilio vya muongozaji mnamlipia nyinyi, na chakula chake cha mchana pia. Praiveti maana yake hamchanganywi na wageni wengine. Basi. Gari ni habari nyingine kabisa.

Tukaenda. Treni ya JR Nara kutoka Kyoto Station, kituo cha pili ni Inari, ukishuka tu lango jekundu la Fushimi Inari liko mbele yako. Pale chini mama alifurahi, ni tambarare, akapiga picha na wale mbweha wa mawe. Halafu zile torii, yaani malango mekundu, maelfu zinaanza na ngazi zinaanza. Mlima wenyewe ni mita 233, mzunguko mzima watu wanatumia masaa mawili mpaka matatu, sisi tulipanda robo tu tukageuza. Na tulipogeuza ndo nikaona kitu ambacho ukipanda hukioni: kila lango upande wa nyuma limeandikwa kwa herufi nyeusi jina la aliyelitoa na tarehe, makampuni, maduka, familia, unashuka unapita katikati ya majina ya watu. Yule dada alikuwa anamsomea mama moja moja. Kwa hilo tu hela yake ilikuwa halali.

Tatizo likaja baada ya hapo. Kurudi Kyoto Station, kupanga foleni ya basi 206, basi limejaa mpaka mlangoni, unapandia nyuma unashukia mbele na kulipa ni wakati wa kushuka, yeni 230 kila mmoja, na mama amesimama ameshika bomba dakika zote zile kwa sababu viti vya wazee vilikuwa vimekaliwa na wazee wenzake. Tukashuka Gojozaka. Kutoka hapo kwenda Kiyomizu-dera ni mlima, mlima kweli, njia nyembamba yenye maduka ya vyombo vya udongo kila upande na umati wa watu. Katikati mama akasimama. Akasema nendeni tu wanangu, mimi nitawangoja hapa. Mama wa dukani, mtu mzima kama yeye, akamuona, akaingia ndani akatoka na stuli ya mbao akaiweka kivulini akapangusa kwa mkono. Hawakuelewana neno hata moja.

Sisi tukapanda. Ile baraza ya mbao ya Kiyomizu iko juu kama mita 13, imejengwa upya mwaka 1633 na nguzo zimeunganishwa bila misumari, ni kitu cha kukaa nacho nusu saa unakiangalia. Nilikaa dakika tano. Mama yangu yuko chini kwenye stuli, nimesafiri naye kutoka Dar kwa ajili ya hiki kitu na hajakiona, na sababu ni mimi sikuuliza swali moja.

Mchana tukaanza kuchukua teksi kwa hela yetu. Kinkaku-ji alifika akaiona ng'ambo ya bwawa, dhahabu inawaka juani, akauliza kama ni ya zamani, dada akamweleza kwamba hekalu lenyewe lilichomwa na mtawa kijana mwaka 1950 likajengwa upya 1955. Mama alikaa kimya muda mrefu pale. Usiku nikapiga hesabu, teksi, mabasi, viingilio vya watu wanne, chakula cha watu wanne, zaidi ya yeni 15,000 juu ya zile 42,000, na goti limevimba.

Kwa hiyo kabla hujalipa, andika meseji uwaulize, na majibu wayaandike, sio ya kupigiana simu: kuna gari au hakuna? Kama lipo, dereva ndo muongozaji au ni watu wawili tofauti? Maana mara nyingi dereva anaendesha tu, mkifika anabaki na gari, ndani ya hekalu mnaingia wenyewe na simu zenu. Parkingi nani analipa, barabara za kulipia nani analipa? Masaa yanaanza kuhesabiwa mkiingia kwenye gari au gari likitoka gereji, kwa sababu wengine wanahesabu gereji hadi gereji na safari ya kwenda kuegesha inakatwa kwenye siku yenu. Mkizidisha nusu saa kwa ajili ya foleni, mnalipa ngapi? Mkighairi, mnarudishiwa kiasi gani na mwisho lini?

Usikubali pia ukiambiwa "nina gari langu, nitawazungusha kwa bei nafuu". Kule kubeba abiria kwa malipo bila kibali ni kosa, ndo maana waongozaji wengi wa halali wanatembea kwa miguu na treni, sio uvivu. Gari la biashara lina pleti ya kijani yenye maandishi meupe. Pleti nyeupe ni gari la mtu binafsi. Mtanzania hapa anaingia mkenge kirahisi kwa sababu kwetu ni kinyume, pleti nyeupe ndo ya biashara na njano ndo ya mtu binafsi, kwa hiyo gari likija na pleti nyeupe wewe unaona sawa tu. Sio sawa. Likitokea la kutokea barabarani bima ya gari la mtu binafsi inaweza kukukana, na wewe uko nchi ya watu hujui hata kusoma kibao.

Siku iliyofuata nikaomba mapokezi ya hoteli watutafutie teksi ya kukodi kwa masaa manne. Ikaja, pleti ya kijani, mzee amevaa glavu nyeupe, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe mama akaruka kidogo (usiuvute ule mlango, dereva ndo anafungua na kufunga). Kiingereza chake kidogo sana lakini sehemu tatu nilimwandikia kwenye simu. Akatupeleka Arashiyama, tukashuka karibu na daraja la Togetsukyo, mama akakaa ukingoni mwa mto anaangalia milima, sisi tukaingia msitu wa mianzi tukarudi, ni njia fupi tu. Hiyo ndo ilikuwa siku yake. Kama una mzee au mtoto mdogo fanya hivi: gari nusu siku, na muongozaji wa miguu nusu siku nyingine kwa wenye miguu.

Ratiba pia iangalie kwa ramani. Arashiyama iko magharibi, Fushimi kusini, Kinkaku-ji kaskazini magharibi, hekalu la Ginkaku-ji kaskazini mashariki. Ukiona tangazo linaahidi sehemu tisa kwa siku moja ujue nusu ya siku uko barabarani. Nne zinatosha, tatu bora. Na anza mapema, Fushimi saa kumi na mbili asubuhi ni mahali pengine kabisa ukilinganisha na saa nne.

Chakula, kwa Waislamu hasa: mwambie muongozaji wiki nzima kabla, sio siku hiyo. Nguruwe ni rahisi kumkwepa, kazi ni pombe ya kupikia, mirin na sake, pombe za mchele, vinaingia kwenye michuzi na sosi nyingi hata kwenye sahani ya samaki au mboga unayoona haina neno. Migahawa ya halali ipo Kyoto lakini iko mbalimbali, na saa ya mchana inajaa, bora iwekwe oda. Msikiti upo, mtaa wa Kawaramachi, mwambie aupange kwenye njia.

Gion, mtaa wa zamani wa geisha, nendeni kwa adabu. Vichochoro vya watu binafsi vimefungiwa watalii tangu 2024, kuna vibao vya faini ya yeni 10,000, na wale mabinti waliopakwa poda nyeupe, geisha na wanafunzi wao, wanaenda kazini, usiwakimbilie na kamera. Soko la Nishiki ukinunua kitu cha kula kula palepale dukani, usile huku unatembea.

Msimu: maua ya sakura (micheri) mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, majani mekundu Novemba, hapo buki miezi kabla. Julai na Agosti usijidanganye kwamba umezoea joto la Dar, Kyoto iko bondeni imezungukwa na milima na hewa haitembei, nyuzi joto zinapita 35 na hakuna upepo wa bahari. Juni ni mvua.

Mengine ni ya kawaida. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani ya Kijapani, mpe kila mtu moja. Namba ya muongozaji iwe kwenye simu za wote, sio yako tu, kwenye zile torii watu wanapotezana kirahisi. Pawabenki ichajiwe usiku. Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wako sio hotelini, na bandeji ya goti, na chupa ya maji, na mwavuli hata kama asubuhi kuna jua.