Chini kwa chini kutoka Ngamiani, Tanga: namna ya kuwa DJ wa muziki wa elektroniki na kumiliki lebo yako

Kwa kawaida yetu, tukisema fulani ni "andagraundi" tunamaanisha msanii ambaye bado hajatoka, yaani anasubiri siku wimbo wake utakapopigwa redioni ili aachane na jina hilo. Katika muziki wa elektroniki neno hilo lina maana nyingine kabisa. Chini kwa chini ni mahali ambapo mtu huamua kukaa, akapiga na kutoa muziki ambao haukukusudiwa kila mtu, na akaishi kwa wasikilizaji wachache walio tayari kuulipia. Tofauti hii inabadilisha hesabu zote, kwa sababu anayesubiri kutoka hutumia fedha kutafuta jina, ilhali wa chini kwa chini huzitumia kutunza wasikilizaji wake na kuhakikisha kwamba rekodi zinabaki mikononi mwa waliozitengeneza. Mwongozo huu unamhusu huyo wa pili, hasa aliyeko Tanga akiwa na kompyuta, spika mbili na shughuli nyingine ya kumlipia pango.

Njia hii ilikwisha kupitiwa na wengine. Juan Atkins wa Detroit, Marekani, mmoja wa waasisi wa muziki wa tekno, alianzisha lebo yake ya Metroplex mwaka 1985 ili atoe muziki wake mwenyewe badala ya kusubiri kampuni kubwa imwelewe. Karibu zaidi na sisi, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mwaka 2017 mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, na muziki uliokuwa umezoeleka kwenye vigodoro ukaanza kupigwa katika kumbi za Ulaya. Studio ile haikung'ara kwa vifaa. Kilichowavuta wasikilizaji wa mbali ni kwamba singeli yenye midundo 200 na zaidi kwa dakika haikupatikana kwingine kokote.

Swali la kwanza, basi, linakuja kabla ya kontrola, yaani mashine ya kupigia muziki wa kwenye kompyuta, na kabla ya jina la lebo: ni sauti gani itakayomlazimu mtu aitafute Tanga? Mji huu una akiba kubwa. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa na besi za umeme katika taarab, na upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Sishauri mtu akate kipande cha santuri ya zamani na kukiwekea dundo chini, kwanza kwa sababu kila mtu hufanya hivyo, na pili kwa sababu kipande kimoja kina haki mbili, ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi, na zote mbili zinahitaji ruhusa. Wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi ukose mwenyewe. Lenye faida zaidi ni kusikiliza jinsi besi ya taarab ya Tanga inavyotembea, inavyoacha nafasi na inavyorudi, kisha kuutengeneza mwendo huo upya kwa sauti zako. Rekodi pia kwa simu mlio wa bandarini, kelele za soko la samaki alfajiri na makofi ya watoto wanaocheza, kwa kuwa sauti hizo hazidaiwi na lebo yoyote.

Kupiga kwenyewe hujifunzwa kwa masaa, na masaa hayo hayana njia ya mkato. Muziki mwingi wa kuchezea umejengwa kwa vipande vya midundo 16 au 32, kwa hiyo jizoeze kuhesabu mpaka uache kuhesabu, halafu ingiza wimbo wa pili pale kipande cha kwanza kinapoanza upya na si mahali popote. Kitufe cha kulinganisha mwendo kitakusaidia nyumbani, lakini kizime wakati wa mazoezi, maana kwenye mashine za mtu mwingine utakuta nyimbo ambazo kompyuta haikuzihesabu vizuri. Kwetu kuna tatizo la ziada, nalo ni umbali kati ya muziki wa hausi (house) wa midundo 120 hivi kwa dakika na singeli ya 210. Usijaribu kuivuta hausi mpaka huko, itachanika. Shuka polepole hadi 105 kwa nyimbo nzito za mwendo wa pole, kisha ingiza singeli ya 210, kwa sababu mapigo mawili ya singeli yataingia ndani ya pigo moja la wimbo uliopo na wachezaji watahisi mlango umefunguka bila kujua nani kaufungua. Mazoezi ya mpito huo mmoja yalinichukua miezi miwili, na hadi leo ndio ninaoulizwa zaidi.

Chumvi ya bahari ni adui asiyetajwa katika miongozo ya wenzetu. Huku Raskazone na Chumbageni jeki na waya huanza kukoroma ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo futa ncha zake kwa spiriti kila mwisho wa mwezi na uhifadhi kontrola ndani ya mfuko wenye kitambaa kikavu. Spika zikinguruma mara tu jenereta inapowashwa, usikimbilie kuilaumu mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Angalia kwanza kama kompyuta na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi mbili za mbali, uzirudishe kwenye waya mmoja, na mara nyingi mngurumo utakwisha. Taa nyekundu za mikisa nazo si pambo. Sauti ikishapasuka pale, hakuna spika itakayoitengeneza.

Kuhusu mahali pa kupigia, vijana wengi hupoteza mwaka mzima wakibembeleza baa ambazo wateja wake wanataka nyimbo za redioni, na kwa kweli mwenye baa hana kosa. Anza na uwanja wako mwenyewe, watu 40 au 50, mara moja kwa mwezi, Jumamosi ile ile, mahali pale pale, ili mtu asihitaji kuuliza. Zungumza mapema na mwenyekiti wa mtaa, ufuate taratibu za kibali kwa Afisa Utamaduni wa Jiji na polisi, na ukumbuke kwamba NEMC, baraza la mazingira, ina kanuni za kelele. Hata hivyo kibali kigumu kuliko vyote hutolewa na jirani. Bibi mmoja wa barabara ya 12 nilipomwamkia shikamoo asubuhi baada ya onyesho letu la kwanza, aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hilo dundo lako limenichezeshea vikombe kabatini usiku kucha." Tuligeuza spika zikatazama ukuta wa ghala, tukazinyanyua kutoka sakafuni na kuziweka juu ya matairi ya gari, na mwezi uliofuata tulianza saa kumi jioni, tukafunga saa nne usiku. Vikombe vilitulia, na watu waliongezeka kwa kuwa walipata usafiri wa kurudi nyumbani.

Harusi na sendofu usizidharau, maana ndizo zitakazolipa umeme. Tumia tu jina jingine kwa kazi hizo ili bwana harusi asije akaomba usichopiga, wala msikilizaji wako asikukute ukirudia wimbo ule ule wa keki mara tatu. Msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, unawafaa sana ma-DJ wa kukodiwa. Wewe uliyebaki una nafasi ya kuijenga hadhira ambayo wao hawana muda nayo.

Sasa lebo. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu lebo nyingi ndogo hufia mahali pamoja, nako ni kwenye makubaliano ya mdomo. Wimbo wa kwanza nilioutoa ulikuwa na watu watatu: mimi kwenye kompyuta, rafiki aliyeimba, na mwingine aliyepiga kinanda kwa dakika kumi tukiwa tunangoja chai. Hatukuandika chochote, tulikuwa ndugu. Baada ya mwaka mmoja kampuni ya nje ikauliza kama inaweza kuutumia wimbo ule katika filamu fupi, ikataka jibu ndani ya wiki. Mwimbaji alisema nusu ni yake, mimi nikasema robo, wa kinanda akasema dakika kumi zake ndizo zilizouuza wimbo, na tukiwa bado tunabishana kampuni ikachukua muziki wa mtu mwingine. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejiita lebo.

Tangu hapo karatasi husainiwa siku ya kurekodi, kabla watu hawajajua kama wimbo ni mzuri, maana wimbo ukishapendwa kila mtu hukumbuka mchango wake kwa ukubwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha. Andika jina la wimbo, nani ametunga na kwa asilimia ngapi, nani amepiga, masta (rekodi yenyewe iliyokamilika) ni ya nani, lebo imepewa ruhusa ya kuitoa kwa miaka mingapi na kwa maeneo gani, gharama zipi zitakatwa kwanza, na hesabu zitaonyeshwa kila baada ya miezi mingapi. Maoni yangu, ambayo wamiliki wengine hawatayapenda, ni kwamba lebo ndogo isichukue masta moja kwa moja. Omba ruhusa ya miaka mitano, kisha rekodi irudi kwa msanii. Asipoona sababu ya kubaki nawe baada ya hapo, basi sababu haikuwapo.

Mgawanyo wa nusu kwa nusu baada ya gharama ni wa kawaida kwa lebo za aina hii, na uzuri wake huonekana kwenye daftari. Tuseme umetoa nyimbo nne kwa bei ya dola 6 kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na watu 80 wamenunua. Hiyo ni dola 480. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, yaani dola 72, zinabaki 408. Makato ya kupokea malipo tuyakadirie dola 28, zinabaki 380. Ulilipa dola 100 za masteringi (kazi ya mwisho ya kusawazisha sauti kabla ya kutoa) na 40 za jalada, kwa hiyo kinachogawanywa ni 240, msanii 120 na lebo 120. Fedha ya lebo usiile. Ndiyo masteringi ya toleo linalofuata, na msanii akionyeshwa mistari hiyo sita kwa kalamu, hata kama kiasi ni kidogo, atakuletea rafiki yake. Kwa kulinganisha, kusikilizwa mara moja kwenye majukwaa ya kutiririsha huleta sehemu ndogo tu ya senti, hivyo wanunuzi 80 wenye kujulikana majina ni mali kuliko wasikilizaji elfu kadhaa wa kupita. Kabla hujafungua duka hilo, hakikisha njia ya kupokelea fedha inafanya kazi na benki yako ya Tanzania, maana mauzo yasiyotoka ni mapambo.

Kila toleo lipe namba yake kwa mpangilio, herufi tatu na 001, 002 na kuendelea, kwa sababu wakusanyaji wa muziki huu hufuata namba kama watu wafuatavyo stempu. Kila rekodi nayo iwe na ISRC, utambulisho wenye jumla ya herufi na tarakimu 12 unaoifuata popote inapopigwa; wasambazaji wengi wa kidijitali hukupatia. Faili za WAV, jalada na maelezo yote yafike kwa msambazaji wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Masteringi mpe mtu mwingine, si aliyetengeneza biti, kisha usikilize matokeo ndani ya bajaji yenye spika moja mbovu. Besi ikisikika humo, toleo liko tayari.

Santuri usikimbilie. Ni nzuri, mimi pia ninazo ukutani, lakini viwanda hutaka ulipie mamia ya nakala kwa pamoja, na usafirishaji kutoka Ulaya hadi Tanga hula faida yote.

Jina la biashara lisajili BRELA, namba ya mlipakodi ichukue TRA, jisajili BASATA, baraza la sanaa, na kazi zako ziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mambo haya hayana utamu wa kusimulia, ila yafanye wakati bado huna cha kugombaniwa.

Mwaliko wa kwanza wa nje ukija, utakuja kwa barua pepe fupi yenye tarehe na maneno ya sifa. Jibu kwa upole ukiuliza malipo, tiketi, malazi, nani analipia viza, na mashine gani zitakuwepo. Nusu ya malipo ipokelewe kabla ya safari. Barua rasmi ya mwaliko idai mapema, miezi mitatu ikiwezekana, kwa kuwa maombi ya viza yatakupeleka Dar es Salaam zaidi ya mara moja. Muziki wako ubebe kwenye flashi mbili zilizopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, kwa sababu mashine za zamani za kumbi hazisomi ule wa NTFS, na kila moja uijaribu kwenye mashine isiyo yako kabla ya kupanda basi. Ya tatu, yenye masta zote za lebo na picha za mikataba, mwachie mtu wa nyumbani anayejua iko wapi na anayejua asiikopeshe.